Nikivuta mafuta ghafla pikipiki inakohoa, na jeti tayari imetobolewa

SWALI

Shikamooni mafundi. Mimi ni dereva wa bodaboda, njia yangu ni Mombo kwenda Lushoto na vijiji vya juu. Pikipiki ni ya cc 150, na kabureta yake ni ile yenye kifuniko kipana juu na mpira ndani. Nikivuta mafuta taratibu inapanda vizuri mpaka mwisho. Nikivuta ghafla, labda nataka kulipita lori au naondoka na abiria mwenye mzigo, inakata kama sekunde nzima, mara nyingine inakohoa kwa kurudisha pumzi kwenye kabureta, ndipo inashika na kuruka. Nikishuka mlima nikiwa nimeachia mafuta, bomba la moshi linapiga kama baruti. Kijiweni nikiivuta na kuiachia, mlio unabaki juu kwanza, unashuka kwa kusitasita. Asubuhi lazima niache choki (ya kuwashia injini baridi) ikiwa imevutwa muda mrefu. Kinachonishangaza ni kwamba Mombo inasumbua zaidi, nikifika Lushoto inapungua, wakati kule ndiko kwenye baridi.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alisema pikipiki ina njaa ya mafuta, akaipanua jeti kubwa (kile kipande chenye tundu la kupitishia mafuta) kwa sindano ya kushonea. Sasa inakunywa mafuta, mlimani nikifungua yote inatoa moshi mweusi, na kule kukata kwa ghafla kupo vilevile. Wa tatu anasema kabureta imekufa, ninunue nyingine. Ninunue? Na mtu anajuaje kama ni mafuta yamezidi au ni hewa imezidi?

Dereva, Mombo

JIBU

Marahaba. Kabureta usinunue bado. Jeti kubwa nayo isiguswe tena, ila kwa kuitoa hiyo iliyopanuliwa na kuweka mpya yenye namba ya asili ya pikipiki yako. Namba huchongwa kwenye jeti yenyewe, lakini ya kwako sasa inadanganya, maana tundu si lile lililopimwa kiwandani. Fundi wako wa pili alipatia kwamba injini inakosa mafuta. Alikosea mahali pa kuyaongeza.

Jeti kubwa inatawala ukiwa umefungua kuanzia kama robo tatu hadi mwisho. Kuanzia mkono ukiwa umefungwa hadi karibu robo, kazi ni ya jeti ndogo ya sailensi (mwendo wa injini ukiwa umeachia mafuta), skrubu yake, na vitundu vidogo vilivyo ukingoni mwa kipepeo, kile kibati kinachozunguka kufungua njia ya hewa. Katikati pote ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi, ile pistoni inayopanda na kushuka ndani ya kabureta. Maeneo haya yanaingiliana, hayana mpaka mkali. Wewe unavuta kutoka kwenye kufungwa au karibu yake, kwa hiyo ile sekunde inayokukatia iko mwanzoni mwa safari ya mafuta, hata kama mkono umekwisha fika mwisho.

Kabureta yako ina tabia yake. Waya wa mafuta hauinui slaidi, unazungusha kipepeo tu. Slaidi inainuliwa na mvuto wa injini, unaopita kwenye kitundu cha chini yake hadi juu ya ule mpira, huku springi laini ikiirudisha. Ndiyo maana hata ukivuta kwa pupa, slaidi inapanda kwa kadiri injini inavyoweza kumeza. Shida iko kwenye kile kipande cha sekunde kabla haijapanda. Hewa ni nyepesi, inaingia papo hapo. Petroli ni nzito, inachelewa, na sehemu yake inanata kwenye kuta za njia ya kuingilia, kwa sababu mvuto uliokuwa ukiisaidia kugeuka mvuke umepungua ghafla. Petroli huungua sawasawa kwa takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Injini inayovutwa kwa nguvu inataka mafuta zaidi kidogo ya hapo, na wakati huohuo ndipo inapopata pungufu.

Vitundu vya ukingoni mwa kipepeo viliwekwa kwa ajili ya pengo hilo. Kipepeo kikianza kufunguka kinavipita kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kinaanza kumwaga mafuta. Kimoja kikiziba, au hewa ikiingia kwa wizi mahali fulani baada ya kabureta, pengo linabaki na injini inakohoa. Kabureta nyingi za magari ya zamani zina pampu ndogo inayorusha mafuta dereva akikanyaga ghafla. Kabureta kama yako kwa kawaida haina, inategemea slaidi na vitundu hivyo tu.

Sasa hilo la Mombo na Lushoto. Ndilo jambo la thamani kuliko yote uliyoandika. Kati ya miji hiyo unapanda takriban mita 1,000, na kwa kila mita 1,000 hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10. Kabureta haipunguzi mafuta kwa kiwango hicho hicho, kwa hiyo kadiri unavyopanda, mafuta yanazidi kwa kulinganisha na hewa. Injini inayopata nafuu ikipanda mlima ni ile iliyokuwa na upungufu wa mafuta bondeni. Baridi ya juu inavuta upande wa pili, inaifanya hewa iwe nzito, lakini kimo kinashinda. Ungekuwa na tatizo la mafuta kuzidi, Lushoto ndiko ungelaani. Ule moshi mweusi wa mlimani ni matunda ya jeti iliyotobolewa. Una makosa mawili yanayopingana ndani ya kabureta moja, na ndiyo maana kila fundi anaona la kwake.

Usitutegemee kwa barua tu, hakikisha mwenyewe. Endesha kwanza kama dakika 10 injini ipate moto kamili. Simamisha, iache kwenye sailensi, kisha ivute kwa ghafla hadi kama theluthi na uachie mara moja. Mlio ukibaki juu na kushuka kwa kusitasita, hewa imezidi. Ukishuka chini kuliko sailensi ya kawaida, ukayumba au injini ikataka kuzima, kisha ukapanda kurudi mahali pake, mafuta yamezidi. Umekwisha tuambia inabaki juu.

Kipimo cha pili ni choki. Injini ikiwa na moto, vuta choki kidogo, theluthi hivi, halafu rudia kuvuta ghafla kutoka chini. Kukohoa kukipungua, umeongeza kile kilichokosekana. Kukizidi, mafuta yalikuwa mengi tayari. Kusipobadilika hata kidogo, acha kabureta ukatazame moto wa plagi, maana kuvuta ghafla kunaongeza mgandamizo ndani ya silinda na cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi kuruka. Plagi iliyoachwa wazi kupita kiasi, au koili (inayotoa umeme wa plagi) iliyochoka, inakata palepale na kumfanya mtu aitukane kabureta bure. Nafasi ya plagi kwa injini hizi huwa milimita 0.6 hadi 0.8. Mpya nayo ipimwe, isiaminiwe kwa sababu imetoka kwenye boksi.

Hata sikio linatosha kutofautisha, kwa aliyezoea. Hewa ikizidi, kukata ni kwa ghafla na kukavu, mara nyingine na ile pumzi ya kurudi kwenye kabureta, na injini ikiwa baridi ni mbaya zaidi. Mafuta yakizidi, mlio unakuwa mzito wa kubwabwaja, moshi unaonekana, na hali inaharibika kadiri injini inavyopata moto. Rangi ya plagi tusingeitegemea kwa tatizo hili. Inaonyesha wastani wa safari nzima, na sekunde moja ya kukata haiachi alama.

Kabla ya kufungua kabureta kuna mambo mawili ya dakika chache. La kwanza ni nafasi ya vali, ipimwe injini ikiwa imepoa kabisa. Vali ya kuingiza iliyobanwa mno haifungi vizuri, inarudisha pumzi kwenye kabureta na kukudanganya kwamba ni hewa. Kwa ukubwa huu huwa karibu milimita 0.05 hadi 0.10, namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki. La pili ni gasketi ya bomba la moshi pale linapoungana na injini. Ukiona masizi meusi yametoka pembeni, bomba linanyonya hewa hapo, na baruti ya mteremkoni inaweza kutoka huko peke yake bila kabureta kuwa na kosa. Kuna pikipiki zenye vali ya kuingizia hewa kwenye moshi pia, yenye mpira mwembamba unaotoka upande wa kabureta. Mpira huo ukipasuka ni mlango wa hewa ya wizi.

Baada ya hapo, mshukiwa wetu wa kwanza ni shingo ya mpira iliyo kati ya kabureta na injini. Joto na mtikisiko wa njia ya milima huipasua, na ufa mara nyingi uko upande wa chini usioonekana. Injini ikiwa kwenye sailensi, nyunyizia maji ya sabuni kidogo kidogo kuizunguka shingo na maungio yake. Mlio ukibadilika unapofika mahali fulani, maji yameziba ufa kwa muda na umeupata. Kuna wanaomwagia petroli kwa kipimo hikihiki. Juu ya injini yenye moto, hapana. Kisha ifungue, ikunje kwa vidole utazame kama nyufa zinafunguka. Tazama oringi yake, ile pete ya mpira ya kuziba maungio: ikiwa imelala bapa kama karatasi, weka mpya. Uso wa chuma wa shingo uliokazwa bolti kwa nguvu kupita kiasi hupinda. Uweke juu ya kioo, ukichezacheza usugue kwa msasa laini uliolazwa kwenye kioo hichohicho mpaka utulie.

Shingo ikiwa nzima, ingia kwenye jeti ndogo. Tundu lake halifiki hata nusu milimita, kwa hiyo uchafu mdogo wa petroli ya chupa au kutu ya tangi unalifunga nusu bila kulifunga kabisa. Toa mpira wa slaidi kwanza, maana klina (dawa ya kusafishia) ya kabureta inauvimbisha. Toa jeti ndogo na uitazame kwenye mwanga: tundu liwe duara safi. Lisipokuwa safi, loweka, puliza kwa kompresa, na ikibidi kupitisha kitu, chukua unywele mmoja wa shaba laini kutoka kwenye waya wa umeme. Sindano ya kushonea na waya wa chuma vinakwangua shaba ya jeti, na mchezo huo umekwisha uonja.

Hatua inayorukwa na wengi ni vile vitundu vya ukingoni mwa kipepeo. Kwanza ikaze skrubu ya mchanganyiko (ile ya jeti ndogo) taratibu hadi igote, ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uitoe yote pamoja na springi, washa (pete bapa ya chuma) na oringi yake ndogo. Vipande hivyo viwili vya mwisho hupotea sakafuni kila siku. Nyunyizia klina kwenye njia ya jeti ndogo na uangalie ndani ya koo la kabureta: inapaswa kutoka kwa nguvu katika kila kitundu. Kikitoa kimoja tu na vingine vikalia machozi, endelea kuloweka na kupuliza pande zote mbili hadi vyote vitoe sawa. Kusafisha bakuli la mafuta chini ya kabureta na kupuliza jeti kijuujuu, kama inavyofanyika barabarani, hakugusi hapa.

Ukiwa umeifungua, pima na kimo cha mafuta kwenye bakuli. Floti (boya linalofunga mafuta bakuli likijaa) ikifunga mapema, mafuta yanasimama chini, na kila jeti inalazimika kuyavuta kutoka mbali zaidi. Upungufu huo unasikika kwanza unapovuta ghafla. Kipimo rahisi ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uuchomeke kwenye tundu la kumwagia la bakuli, uupandishe pembeni ya kabureta, ufungue skrubu. Mafuta yatasimama ndani ya mpira sawa na ndani ya bakuli. Kwa kabureta nyingi ni milimita chache chini ya maungio ya bakuli, na kipimo kamili ni cha mtengenezaji. Ulimi wa floti ukiwa wa bati unakunjwa kidogo sana kurekebisha. Ukiwa wa plastiki haukunjwi, badilisha sindano ya floti au floti yenyewe.

Mpira wa slaidi hatuushuku sana, kwa sababu ungekuwa umetoboka, hata ukivuta taratibu injini isingefika mwisho. Hata hivyo uutazame kwenye mwanga, hasa pale unaposhikana na slaidi, na wakati wa kuurudisha kile kiulimi chake kikae kwenye nafasi yake. Kabureta ikiwa imefungwa, inua slaidi kwa kidole kupitia upande wa chujio na uiachie: inapaswa kushuka kwa utulivu bila kukwama. Ikidondoka mara moja kama imeachwa hewani, kuna mahali mpira au kifuniko kinapitisha hewa. Usibadilishe springi wala kupanua kitundu cha slaidi. Slaidi ikipanda haraka kuliko injini inavyomeza, utakuwa umetengeneza upya ugonjwa uleule.

Kurudisha skrubu kunataka uangalifu. Kwenye kabureta kama yako skrubu iko upande wa injini, inaruhusu mafuta: kuifungua kunaongeza mafuta. Kwenye kabureta za kawaida za slaidi inayovutwa na waya, skrubu mara nyingi iko upande wa chujio na inaruhusu hewa, kwa hiyo kuifungua kunapunguza mafuta. Fundi anayesahau tofauti hii anatibu ugonjwa kwa sumu yake. Anza mizunguko miwili kutoka kwenye kugota. Injini ikiwa na moto, shusha sailensi kadiri inavyovumilia, fungua skrubu robo mzunguko kwa robo hadi mlio upande na kutulia, ongeza kama moja ya nane ya mzunguko, kisha rudisha sailensi kwenye kama mizunguko 1,400 kwa dakika au namba ya kitabu chako. Fanyia kazi hii Mombo, si Lushoto, maana bondeni ndiko hewa ni nzito na upungufu unajitokeza. Mlio mzuri ukipatikana skrubu ikiwa imefunguliwa zaidi ya mitatu, jeti ndogo bado imeziba au ni ndogo, au hewa ya wizi ipo. Ukipatikana chini ya mmoja, jeti ndogo ni kubwa mno.

Ikiwa baada ya hayo sailensi ni nzuri, mlio unashuka bila kubaki juu, lakini bado kuna kigugumizi kidogo ukivuta ghafla kutoka robo kwenda juu, hapo ndipo zamu ya sindano. Kama ina mifereji kadhaa ya kushikia kibanio, shusha kibanio mfereji mmoja, sindano itapanda na kumwaga mafuta mapema. Kama ina mfereji mmoja tu, washa nyembamba ya nusu milimita chini ya kibanio inafanya kazi hiyo. Mfereji mmoja kwa wakati, na ujaribu barabarani kabla ya kugusa kingine chochote.

Chujio la hewa libaki mahali pake, safi. Wapo watakaokwambia ulitoe pikipiki ipumue. Slaidi ya mvuto inataka hewa iliyotulia, na bila chujio utapata kikohozi kipya pamoja na vumbi ndani ya silinda.

Kuhusu kununua: kabureta inakuwa imekufa kweli pale mhimili wa kipepeo umelika. Ushike pale waya unapofungwa, uutikise juu na chini. Ukicheza waziwazi, na maji ya sabuni yakiwekwa hapo mlio unabadilika, hewa inaingia kandokando ya mhimili na hakuna jeti wala skrubu itakayoifidia. Kwa hali hiyo nunua, ya aina na kipimo kilekile, na hata mpya hiyo uipime skrubu yake kabla ya kuipandisha mlima.